Jimbo la Grey Southeast lilikwenda wapi?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Kanada, katika mji mdogo wa Durham, Ontario. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani. Bibi mmoja ninayemhudumia hunisimulia kwamba nyanya yake alipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1921, katika jimbo la Grey Southeast, na akamchagua mwanamke wa kwanza kuingia bungeni. Binti yangu wa darasa la nane ameamua kuandika kazi yake ya shule juu ya jambo hilo. Tumelitafuta jimbo kwenye ramani, halipo. Mahali pengine tumesoma kwamba lilifutwa 1933, pengine 1935. Jirani amemwambia mtoto kwamba wanasiasa walilifuta makusudi ili wamtoe yule mama. Tena hapo Priceville tumeona makaburi ya zamani ya watu weusi, naye anauliza: hao nao walipiga kura? Naogopa mtoto asije akaandika uongo. Tuanzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hofu yako naielewa. Mtoto ana kisa kizuri mkononi, kisa kina mwanamke shujaa na wanasiasa wabaya, na kila jirani anaongeza chumvi yake. Habari njema ni kwamba jimbo hilo lilikuwepo kweli, yule mama alikuwepo kweli, na sehemu kubwa ya mnayotaka kujua mtaithibitisha wenyewe bila kwenda mbali. Yapo machache ya kunyoosha kwanza.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili chetu kinaweza kumpoteza mtoto hapa. "Jimbo" tunaliita eneo la mbunge, na "jimbo" vilevile tunaiita sehemu kubwa ya nchi yenye serikali yake. Mkenya akisikia majimbo hukumbuka ubishi wa katiba ya 1963. Kwa hiyo ukisema "jimbo la Grey Southeast lilifutwa," mtoto anaweza kudhani palikuwa na serikali ikavunjwa, ofisi zikafungwa, watumishi wakarudi makwao. Hapakuwa na kitu kama hicho. Katika barua hii Ontario nitaiita mkoa, Grey nitaiita kaunti, na neno jimbo nitaliacha liwe la uchaguzi tu.

Kaunti ya Grey ilikuwepo kabla ya jimbo hilo na ipo mpaka leo, mnaishi ndani yake. Jimbo la uchaguzi halina barabara zake, halina kodi, halina hata jengo. Ni mstari uliochorwa kuwazunguka watu fulani ili kura zao zihesabiwe pamoja na watoe mtu mmoja wa kwenda bungeni Ottawa, mji mkuu. Mstari ukihamishwa, ng'ombe wanaendelea kulisha palepale. Ndiyo maana hamkuliona kwenye ramani ya barabara: hata lilipokuwa hai, ramani nyingi hazikulionyesha.

Sasa tarehe zinazowachanganya. Zote mbili ni sahihi, ila zinasema mambo mawili. Sheria ya kugawa upya majimbo ilipitishwa 1933, lakini mipaka mipya haikutumika mpaka uchaguzi uliofuata, wa Oktoba 1935. Katikati ya miaka hiyo mbunge wa Grey Southeast aliendelea kukaa bungeni kwa jina la jimbo ambalo sheria ilikwisha kulifuta. Upande wa kuzaliwa ni vivyo hivyo: sheria ni ya 1914, uchaguzi wa kwanza ni wa Desemba 1917. Mwambie binti yako aandike tarehe zote nne na aeleze tofauti. Mwalimu wake atajua kwamba amefanya kazi.

Kati ya kuzaliwa na kufa kwake, jimbo lilishiriki chaguzi kuu tano: 1917, 1921, 1925, 1926 na 1930. Katika hizo lilitoa wabunge wawili tu. Wa kwanza ni Robert James Ball wa chama cha Conservative, ambaye kabla ya hapo alikuwa mbunge wa Grey South. Chaguzi nne zilizobaki zilichukuliwa na mtu mmoja, Agnes Macphail.

Kabla sijafika kwake, acha nieleze kwa nini majimbo haya yalikuwa yanazaliwa na kufa, kwa sababu hapo ndipo jirani yenu alipoteleza. Katiba ya Kanada ya 1867 iliupa mkoa wa Quebec viti 65 visivyobadilika. Baada ya kila sensa ya miaka kumi, unachukua idadi ya watu wa Quebec, unaigawa kwa 65, na jibu unalopata ndilo kipimo cha kiti kimoja kwa mikoa mingine yote. Mfanyishe binti yako hesabu hiyo kwa sensa ya 1911. Quebec ilikuwa na watu kama 2,005,000. Gawa kwa 65, unapata takriban 30,850. Ontario ilikuwa na watu kama 2,527,000. Gawa kwa hiyo 30,850, unapata 82 hivi. Kabla ya hapo Ontario ilikuwa na viti 86. Basi mwaka 1914 ilibidi viti vinne viondoke.

Ona jambo lililomo humo. Watu wa Ontario hawakupungua, waliongezeka. Lakini waliongezeka polepole kuliko wa Quebec, na kwa kipimo kile, anayeongezeka polepole anapoteza viti.

Na ndani ya Ontario, ni nani wa kunyang'anywa? Ni mashambani. Kaunti ya Grey ilikuwa na majimbo matatu: Grey East, Grey North na Grey South. Vijana wake walikuwa wakiondoka kwa miaka mingi. Ardhi ya huko ina mawe, umeyaona mwenyewe yamerundikwa kwenye kingo za mashamba. Huko magharibi mwa Kanada serikali ilikuwa ikitoa ekari 160 za mbuga tupu kwa ada ya dola 10, chini ya sheria ya 1872. Waliobaki nao walivutwa na viwanda vya Toronto, na mashine za kuvunia zilifanya shamba lihitaji mikono michache. Basi 1914 Grey East na Grey South zikafutwa, na sehemu kubwa ya watu wao ikaunganishwa kuwa jimbo jipya, Grey Southeast. Hili ningependa mtoto alitie mstari: jimbo mnalolitafuta lenyewe lilizaliwa kwa kufa kwa mengine mawili, na hapakuwa na mwanamke wa kutolewa wakati huo.

Mwaka 1933 yakatokea yaleyale. Ontario ilibaki na viti 82, lakini Toronto na viunga vyake vilikuwa vimefurika watu, na viti vya kuwapa vilitoka vijijini. Grey na kaunti jirani ya Bruce zilikuwa na majimbo manne kwa pamoja: Grey North, Grey Southeast, Bruce North na Bruce South. Yakawa matatu: Grey North, Bruce, na moja la kuunganisha, lililoitwa Grey—Bruce.

Je, kulikuwa na hila? Sitaki umwambie mtoto kwamba jirani ni mjinga, kwa sababu shaka yake ina mizizi. Wakati ule hapakuwa na tume huru. Wabunge wenyewe ndio walioichora ramani, kwa kamati yao, na chama chenye wingi ndicho kilichokuwa na kalamu. Mwaka 1933 kalamu ilikuwa mikononi mwa Conservative wa waziri mkuu R. B. Bennett, na Macphail hakuwa mtu wao. Historia ya huko nyuma nayo haikuwa safi: mwaka 1882 waziri mkuu John A. Macdonald alizichora kaunti za Ontario kwa namna ya kuwasonga wapinzani wake wa Liberal pamoja katika majimbo machache, na jambo hilo lilipigiwa kelele kwa miaka.

Upo mfano mwingine, na una mguu wake hapohapo kwenu. John Diefenbaker, waziri mkuu wa Kanada kuanzia 1957 hadi 1963, alizaliwa Neustadt, ndani ya kaunti ya Grey, mwaka 1895. Familia ilihamia magharibi angali mtoto, na 1940 akachaguliwa mbunge wa Lake Centre, jimbo la wakulima huko Saskatchewan. Ugawaji wa mwaka 1952, chini ya serikali ya Liberal, ulilifuta jimbo hilo. Diefenbaker aliamini mpaka mwisho kwamba yeye ndiye aliyelengwa. Akaenda kugombea Prince Albert mwaka 1953, akashinda, na miaka minne baadaye akawa waziri mkuu. Hasira za namna hiyo, za vyama vyote, ndizo zilizozaa sheria ya 1964 iliyowaondoa wabunge kwenye uchoraji na kuunda tume huru katika kila mkoa, zenye mwenyekiti jaji. Wewe unatoka Kenya, unalijua suala hili: kifungu cha 89 cha katiba ya 2010 kinaipa tume kazi hiyo, kinaweka majimbo 290, na kinaruhusu idadi ya watu itofautiane na wastani kwa asilimia 40 mijini na kwenye maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Huko Kanada kipimo cha kawaida ni asilimia 25.

Nikirudi kwa Grey Southeast, nikipima pande zote mbili, mimi hesabu ya watu inanitosha. Majirani zake wa Bruce nao walipoteza kiti. Sehemu kubwa ya jimbo la Macphail ilihamia Grey—Bruce. Naye aligombea huko mwaka 1935 na akashinda. Kama huo ulikuwa mtego, haukunasa. Alishindwa baadaye, mwaka 1940, nchi ikiwa vitani, yeye akiwa amejulikana miaka yote kama mpenda amani, na aliyemshinda ni Walter Harris wa Liberal. Kwa hiyo mtoto aandike: jimbo lilifutwa katika ugawaji wa 1933, baada ya sensa ya 1931, kwa sababu vijiji vilikuwa na watu wachache na miji ilikuwa na wengi. Kisha, akitaka, aongeze kwamba wapo wenyeji wanaoamini palikuwa na nia mbaya, na aseme wazi kwamba hayo ni maneno ya jirani. Imani ya watu nayo ni habari, mradi isivalishwe nguo ya ushahidi.

Sasa yule mama. Agnes Macphail alizaliwa tarehe 24 Machi 1890 katika tarafa ya Proton, kusini mashariki mwa Grey, mtoto wa mkulima. Alikuwa mwalimu wa shule za vijijini, na kilichomwingiza kwenye siasa kilikuwa mambo ya mashamba. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakidhani alishinda kwa sababu wanawake walikuwa wamepata kura, wakamchagua mwenzao. Wanawake walimsaidia, ndiyo. Lakini Grey Southeast ya mwaka 1921 ilikuwa na hasira ya mkulima, wanaume kwa wanawake.

Hasira hiyo ilikuwa na sababu zake. Ushuru wa forodha ulilinda viwanda vya mijini, ukamfanya mkulima anunue plau na mashine kwa bei ya juu huku nafaka yake akiiuza kwa bei ya soko. Halafu ikaja vita. Katika uchaguzi wa 1917 serikali ya waziri mkuu Borden iliahidi kwamba watoto wa wakulima hawatachukuliwa jeshini kwa nguvu, na masika ya 1918 ikaufuta msamaha huo. Fikiria mzee mwenye shamba la ekari 100 na mtoto mmoja wa kiume, mbegu ziko tayari, kijana anaitwa. Maelfu ya wakulima walikwenda Ottawa mwezi Mei wakalalamika, wakarudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata Umoja wa Wakulima wa Ontario ulishinda uchaguzi wa mkoa, na mkulima E. C. Drury akawa waziri kiongozi. Macphail alikuwa mtu wa umoja huo, akiandika katika gazeti lake na kuzunguka kuhutubia.

Septemba 1921, mjini Durham, hapohapo unapoishi, wajumbe wa wakulima walikutana kumteua mgombea. Yalisimama majina ya wanaume kumi na la mwanamke mmoja, wakamteua mwanamke. Watu wakaja juu. Jinsia yake ilisemwa, dhehebu lake lilisemwa, maana alikuwa wa tawi dogo la Wamormoni, na viongozi wa wakulima wa jimbo wakamwomba ajiuzulu ugombea. Alikataa. Tarehe 6 Desemba alimshinda Ball.

Binti yako akitaka kusimama mahali pa kisa, asimame hapo Durham. Mtu akienda kutafuta historia ya mwanamke huyu Ottawa atakuta sanamu yake bungeni, lakini sanamu haitamweleza kwamba wakulima wa tarafa za Proton, Artemesia, Glenelg na Egremont walifanya mwaka 1921 jambo ambalo hakuna mji wowote mkubwa wa Kanada uliolifanya. Na hawakulifanya mara moja kwa bahati. Walilirudia 1925, 1926 na 1930. Miaka yote hiyo, mpaka 1935 alipochaguliwa Martha Black wa Yukon, mwanamke aliyechaguliwa katika bunge la Kanada alikuwa Macphail peke yake, na kiti alichokalia kilikuwa cha jimbo hili la vijiji.

Huko bungeni alipigania ushuru upunguzwe, alipinga matumizi ya kijeshi, na alikwenda Geneva 1929 katika ujumbe wa Kanada kwenye Shirikisho la Mataifa. Wakati huo wanawake walizoea kuwekwa kwenye kamati za afya na watoto, naye akadai na akapata nafasi katika kamati ya kupunguza silaha. Lililomchosha zaidi na kumpa sifa kubwa zaidi ni magereza. Aliingia katika gereza la Kingston kuona kwa macho yake, akasema bungeni aliyoyaona mwaka baada ya mwaka, mpaka 1936 serikali ikaunda tume ya uchunguzi, na ripoti yake ya 1938 ikapendekeza mabadiliko makubwa. Alifariki Toronto mwaka 1954, akazikwa karibu na Priceville. Ukipata noti ya dola 10 iliyotolewa mwaka 2017 kwa ajili ya miaka 150 ya Kanada, mwonyeshe mtoto: picha yake imo.

Hapa nitoe masahihisho mawili. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la shirikisho la Kanada, House of Commons. Hakuwa wa kwanza kuchaguliwa katika bunge lolote la Kanada, maana mkoa wa Alberta ulichagua wanawake wawili, Louise McKinney na Roberta MacAdams, mwaka 1917. Na nyanya wa bibi unayemtunza: huenda 1921 ilikuwa mara yake ya kwanza kumchagua mbunge wa Ottawa, lakini si lazima iwe mara yake ya kwanza kupiga kura. Wanawake wa Ontario walipata kura ya mkoa 1917 na waliitumia katika uchaguzi wa mkoa wa 1919. Hata kura ya shirikisho, wake, mama, dada na mabinti wa askari walipewa kwa ajili ya uchaguzi wa 1917, kabla ya wanawake wengine kuipata 1918. Mwulize bibi kwa upole: nyanya alikuwa na ndugu vitani? Swali hilo moja linaweza kufungua kurasa mbili za kazi ya mtoto.

Majimbo ya mkoa nayo yana mipaka yake, na majina yanakaribiana mno. Farquhar Oliver, kwa mfano, aliingia bunge la Ontario 1926 kutoka Grey South, wakati Grey South ya shirikisho ilikwisha kufutwa. Mkikuta Grey South katika hati ya miaka hiyo, angalieni kwanza ni ya bunge lipi.

Sasa Priceville, na swali la binti yako, ambalo limenigusa kuliko yote. Kando ya barabara ya zamani ya Durham, katika tarafa ya Artemesia, familia za watu weusi zilifika katikati ya karne ya 19, nyingine zikiwa na kumbukumbu ya utumwa wa Marekani, wakafyeka msitu na kulima. Wengi wao walikuwa wametangulia kukaa kabla ardhi haijapimwa na kugawiwa rasmi. Hati zilipoanza kutolewa na walowezi wengine kumiminika, wengi walipoteza walichokuwa wamekijenga, wakahamia miji kama Owen Sound na Collingwood. Katika miaka ya 1930 makaburi yao yalilimwa, yakapandwa viazi, na mawe yake yakatawanyika. Mwaka 1990, baada ya kazi ya wenyeji waliokataa yasahauliwe, makaburi yalirudishiwa heshima yake mbele ya Lincoln Alexander, mtu mweusi wa kwanza kuwa mwakilishi wa Malkia katika mkoa wa Ontario.

Je, walipiga kura? Sheria haikumzuia mtu mweusi kwa rangi yake. Mwanamume aliyekuwa raia chini ya taji la Uingereza na mwenye mali ya kiwango kilichowekwa alikuwa na haki hiyo. Lakini angalia mtego wake: kura ilifungwa na mali, na mali yao ndiyo iliyokuwa inawaponyoka. Kufikia 1921, wanawake nao wakiwa wamekwisha kupata kura, familia nyingi za barabara ile zilikwisha kuhama. Na wapo waliofungiwa nje kwa sheria yenyewe. Ardhi ya Grey ni ya Waanishinaabe, iliyochukuliwa kwa mikataba ya 1818 na 1836, na wengi wa watu hao, kama wenyeji wengine wa asili, hawakuwa na kura ya shirikisho bila kuacha hadhi yao mpaka 1960. Mtoto akiandika "mwaka 1921 wanawake wote wa Kanada walipiga kura," hapo ndipo uongo uliouogopa utakapoingia.

Mtaipataje familia ya nyanya? Hapa jimbo lililokufa linawarudia kwa faida. Sensa ya Juni 1921 ilipangwa kwa wilaya zilizofuata kwa kiasi kikubwa majimbo ya shirikisho, na kurasa zake ziko wazi kwa umma tangu 2013. Ya 1931 ilifunguliwa 2023, baada ya miaka 92 ya siri. Mtu anayetafuta kwa jina la mji wa leo anaweza kukosa kabisa. Atafute Grey Southeast, kisha jina la tarafa, kisha jina la ukoo kwa tahajia zaidi ya moja, maana makarani waliandika walivyosikia. Hifadhi ya taifa, Library and Archives Canada, inazitoa kurasa hizo kwenye mtandao bila malipo, kwa hiyo msiingie kwenye tovuti za kulipia kabla hamjamaliza za bure.

Lipo moja ambalo hamtalipata popote, na ni vizuri mtoto alijue mapema asije akahangaika. Tangu 1874 kura ya shirikisho huko Kanada ni ya siri. Sensa inaweza kuwaonyesha kwamba nyanya aliishi Proton akiwa na miaka 25, mke wa mkulima, anajua kusoma na kuandika. Hakuna karatasi itakayosema alimchagua Macphail. Hilo linabaki kwa neno la familia, na liandikwe hivyo: "familia inasimulia." Siyo udhaifu wa kazi. Mwanamke huyo aliingia nyuma ya pazia peke yake, na siri aliyotoka nayo aliwaachia watoto wake waisimulie.

Kompyuta ikifika mwisho, tokeni nyumbani. Kule Owen Sound kuna Grey Roots, makumbusho yenye hifadhi ya nyaraka za kaunti, na Flesherton kuna South Grey Museum. Nendeni kwa mtunza nyaraka hasa mkikwama kwenye mambo matatu: mipaka kamili ya jimbo tarafa kwa tarafa, magazeti ya Durham ya Septemba hadi Desemba 1921, na familia za barabara ya Durham. Hayo hayafai kubahatishwa kwa kutafuta mtandaoni, na mtu aliyekaa na karatasi hizo miaka mingi atawaokolea siku nzima. Pigeni simu kwanza mjue siku wanazopokea wageni, mwende na penseli, na mtoto ndiye aulize.

Kabla ya kwenda, kaa na bibi jioni moja ukiwa na daftari. Mwulize jina la nyanya kabla ya kuolewa, jina la kanisa lake, na shamba lilikuwa kwenye mstari gani na kiwanja namba ngapi, kwa kuwa mashamba ya Ontario yaliandikwa kwa namba hizo mbili na wazee wa huko huzikumbuka hata wakisahau mengine. Na kama ana nguvu na familia yake inaridhia, mchukueni mwende naye Priceville kabla theluji haijafunga barabara.

Nitafurahi mkiniandikia mlichokipata, hasa jina la tarafa ya nyanya.